Wachawi kwenye Meza ya Kukatia Nguo

Mimi ni fundi cherehani, mama wa kanisa, na sare za kwaya nyingi unazoziona kuanzia hapa Bukoba hadi Kaagya zimepita mikononi mwangu. Kwa hiyo usinishangae nikisema kwamba siku nilipokuta wachawi juu ya meza yangu ya kukatia nguo nilishtuka hadi mkasi ukanidondoka. Walikuwa wadogo, wa plastiki ya kijivu, kila mmoja urefu wa kidole changu cha mwisho. Mmoja alikuwa na ndevu na kitabu. Mwingine alikuwa bibi kizee mwenye kibiongo na fimbo.

Aliyewaleta alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha uani, mhandisi wa barabara, mtu mzima na akili zake. Nilimwita nikamuuliza anataka nyumba yangu iitweje. Akacheka, akasema, "Mama, huu ni mchezo tu. Niazime ile futi yako nikuonyeshe."

Nilimwazima futi ili nimwaibishe, na mimi ndiye niliyenaswa. Mchezo wenyewe si mgumu. Kuna wachawi wawili mahasimu, kila mmoja ana mwanafunzi wake na askari wachache wa kukodi wenye pinde na mishale. Wanakutana kwenye mji uliobomoka, na katikati ya magofu kuna hazina. Unapima kwa futi mtu wako anaweza kwenda inchi ngapi. Ukitaka mchawi wako arushe moto au ajifiche kwenye ukungu, unarusha dadu ya pande ishirini, na dadu ikikunyima, uchawi umekwama. Anayetoa hazina nyingi nje ya meza ndiye mshindi. Magofu tulikata kwenye maboksi ya sabuni, nguzo zikawa vibiringo vya uzi vilivyokwisha. Nikawapaka wale watu rangi za kucha kwa brashi nyembamba, na bibi kizee nikampa kitenge cha bluu. Mimi sipendi kushindwa. Yule mhandisi alinishinda mpaka nikaacha kumpa chai, halafu nikaanza kumshinda, na hapo ndipo wakamhamisha kikazi.

Siku ya kuondoka aliacha boksi lote mezani. "Nikiondoka nalo nitakuwa nimekuibia," alisema. Nikabaki na wachawi wangu na sina wa kucheza naye.

Sasa, ndani ya nyumba hiyohiyo nilikuwa naishi na mama yangu, na mama yangu alikuwa ameondoka kwao Ijumbi, kule Muleba, kwa sababu ya maneno hayohayo ya uchawi. Hapo ndipo ujue kwa nini nilishtuka vile.

Kwetu Wahaya mgeni akifika, kabla hajaulizwa shida yake, anawekewa kahawa ya kutafuna. Ni buni iliyochemshwa na majani ya kunukia kisha ikaanikwa. Mwenyeji anachukua moja, anatafuna mgeni akiona, ndipo mgeni naye anachukua. Ni heshima, na pia ni kusema: humu ndani hakuna sumu. Baba mdogo wangu, mdogo wake marehemu baba, alikuja siku moja kwa mama, akatafuna kahawa, akaomba nyingine, akaenda zake. Wiki ileile akafa. Tumbo lilikuwa limemvimba siku nyingi na alikuwa analificha chini ya koti, lakini nani anataka kusikia habari za tumbo wakati kuna habari ya kahawa? Wakasema lisemwalo lipo. Hakuna aliyemwita mama mchawi usoni. Waliacha tu kuchukua kahawa yake. Anaweka kikapu, anatafuna yeye kwanza, anatafuna ya pili, nao wanasema tumeshiba, tumetoka kula sasa hivi, meno yananiuma. Ijumbi nzima iliumwa meno.

Nilikwenda nikamchukua. Alikuja na nguo zake na mkebe wa kahawa. Kila msimu aliagiza buni kutoka kibanjani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, akachemsha, akaanika kwenye ungo nyuma ya nyumba. Wateja wangu walitafuna bila wasiwasi. Nikamwambia, "Mama, unaona? Watu wanakula." Akasema, "Hawa hawanijui. Wanaonijua hawali."

Aliyekuwa anatuletea ndizi kutoka kibanjani alikuwa mtoto wa baba mdogo, wa huyohuyo aliyekufa. Ni mwanaume wa watoto wanne, mtaratibu, ndiye anayekitunza kibanja cha baba tangu mama aondoke. Alikuwa anatua mkungu mlangoni, anasalimia, "Shikamoo mama mkubwa," mama anaitikia na kuleta kikapu, naye anasema, "Nimekula njiani, Kemondo, waitu," kwa heshima zote za Kihaya, anaondoka. Kila mara amekula Kemondo. Nilikuwa natamani nimuulize huko Kemondo wanampikia nini hata hawezi kumeza buni moja.

Siku moja, akiwa bado mlangoni, aliuliza kwa adabu zake: pale pembeni ya kaburi la baba, pale palipoachwa wazi kwa ajili ya mama, majani yanaota sana, afyeke au afanyeje? Mama akajibu bila hata kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa anachambua. "Pandeni migomba. Mimi mtanizika huku huku mjini."

Mtu wa kwetu anazikwa kibanjani, kati ya watu wake na migomba yake. Makaburi ya mjini ni ya wageni na ya waliokosa kwao. Yule ndugu yangu akasema polepole kwamba miche ipo, basi watapanda mvua zikianza. Akaondoka. Mimi nikampandishia mama sauti, Mungu anisamehe, nikamwambia hawezi kumwacha baba amelala peke yake kwa sababu ya midomo ya wajinga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema, "Siwezi kulala milele katikati ya watu wasiokula kahawa yangu." Nilikwenda kushona, nikashona mkono wa kulia mahali pa kushoto.

Kwa hiyo unaweza kuona nilivyokuwa nawaficha wale wachawi. Nilikuwa nawaweka kwenye kopo la biskuti na kufunika kwa vitambaa. Lakini mama hafichwi kitu. Nilitoka kumpima mteja vipimo nikamkuta ameshika yule bibi kizee, anamgeuzageuza karibu na dirisha.

"Huyu ni nani?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Mzee wa kanisa."

"Mzee wa kanisa anatoa moto kwenye fimbo?"

Nikamwambia ukweli. Nilingoja alie au aniambie nimrudishe Ijumbi akafie huko. Akamrudisha bibi kizee mezani, akamsimamisha vizuri. "Umempaka rangi nzuri," alisema. "Lakini kibiongo chake hakijakaa sawa. Mgongo ukipinda hivi, shingo haiwezi kunyooka." Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, nami nilikuwa sijamaliza hata ya Musa.

Mvua zikaanza. Jumapili ya kwanza tulitoka ibadani, nikapanga magofu yangu mezani nicheze peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya kushoto, mchezo wa kipumbavu kabisa. Ndugu yangu akafika na mkungu, na mvua ya Bukoba ikafika naye, ile inayotoka ziwani bila kubisha hodi. Ilibidi aingie. Akaona meza. Macho yake yakatoka kwenye vile visanamu yakaenda kwa mama, yakarudi kwenye visanamu, na mimi nikayaona yote aliyokuwa anawaza.

"Ni mchezo," nilimwambia. "Ni wachawi, ndiyo, wa plastiki, wangu mimi. Kaa chini ucheze au kasimame kwenye mvua."

Akakaa kwenye ncha ya kiti. Nikamweleza. Kule kwao yeye ndiye bingwa wa drafti, na bingwa wa drafti hawezi kutazama mchezo bila kutia mkono. Alichukua mwenye ndevu, mimi nikachukua bibi kizee wangu. Nilimchapa kabla mvua haijakatika. Akainama juu ya meza, akauliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba ukuta unazuia mshale?" Nikajua atarudi.

Alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Ndizi zilikuwa zinatujia nyingi kuliko tulivyoweza kula. Kikapu cha kahawa mama alikileta kila mara, akatafuna ya kwanza, na kila mara jamaa alikuwa amekula Kemondo. Kuhusu miche hakuna aliyesema kitu, nami niliogopa kuuliza.

Jumapili moja mshale wake ulimpata bibi kizee wangu katikati ya uwazi, dadu ikanikataa, akafa. Ndugu yangu akamlaza chali kwa furaha. Mama alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Afadhali huyo. Mshale unaonekana umetoka kwa nani."

Ndugu yangu alimwinua bibi kizee, akampangusa kwa kidole ingawa hakuwa na vumbi. Mimi nilijifanya natafuta futi, na futi ilikuwa shingoni mwangu.

Nadhani mama aliamua kitu siku hiyo, ingawa hadi leo akiulizwa anakana. Tulikuwa tunatumia vifungo kama hazina, na vifungo vyangu vya kazi vilikuwa vinapotea. Jumapili iliyofuata alikuja na mkebe wake, akakusanya vifungo, na mahali pa kila kimoja akaweka buni moja ya kahawa. "Vifungo vya watu visipotee," alisema, akarudi kwenye kigoda. Mimi nilimtazama ndugu yangu. Alitazama zile buni kidogo, kisha akashika dadu. Kwenye mchezo hazikuwa kahawa, zilikuwa hazina, na hazina haimdhuru mtu.

Tulicheza vikali siku hiyo. Mwanafunzi wangu alikuwa amekufa mapema, askari wangu mmoja amekwama juu ya ukuta. Mtu wake alibeba buni ya katikati, inchi kwa inchi, kuelekea ukingo wa meza upande wake, na bibi kizee wangu akimrushia moto na dadu ikininyima na mimi nikiitukana dadu. Ndugu yangu alikuwa amesimama, ameinama. Akapima kwa futi. Ikamfikisha ukingoni, hata inchi moja ikabaki. Akainyakua ile hazina kwa vidole viwili, macho bado yako mezani yakitafuta buni inayofuata, na mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa Mhaya yeyote unafanya ukishika kahawa. Ukaipeleka mdomoni.

Nilisikia ganda likivunjika kwenye meno.

Naye alisikia. Taya zikasimama. Aliinua macho akanitazama mimi, kisha akamtazama mama. Sijawahi kuogopa vile katika nyumba yangu mwenyewe. Niliwaza, akitema hapa sakafuni, mbele ya mama yangu, nitamfukuza kwa mkasi na sitamwona tena maisha yangu yote. Na niliwaza pia kwamba akitema, mama atakufa kabla ya migomba kuota.

Mama alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo sikuonja kwanza."

Ndugu yangu aliendelea kumtazama. Kisha taya zikaanza tena, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Akatafuna hadi mwisho. Akameza.

"Ina mchaichai," alisema. "Baba alirudi nyumbani siku ile akisema kahawa ya mama mkubwa ina mchaichai. Alisema mkewe ajifunze."

Miaka yote ile hakuna mtu aliyetuambia hivyo. Nilikaa chini juu ya kitambaa cha mteja. Mama alishika fremu ya mlango, naye hakulia, mimi ndiye niliyelia, kwa hasira na kwa kila kitu.

Ndugu yangu akanyoosha kiganja. "Mama mkubwa, naomba nyingine."

Mama akatazama meza, akatazama buni zilizobaki kati ya magofu ya maboksi. "Hizo ni hazina," alisema. "Zipiganie."

Akazipigania. Alinishinda vibaya na akatafuna kila alichoshinda, na mimi kwa mara ya kwanza sikutukana dadu. Jioni ilipokaribia akavaa koti, akaaga. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje mjini. Nilikuwa nyuma yao nimebeba mwavuli.

"Ile miche," mama alimuuliza, "mmeshapanda?"

"Bado, mama mkubwa. Nilikuwa naogopa."

"Basi waambie pale pembeni ya baba yako mkubwa wasipande kitu," alisema mama. "Pale ni pangu."