Majibu ya Damu Yaliporudi Kijijini

Josho la kijiji lilikuwa limekauka kabla sisi hatujafika, lakini harufu yake haikuwa imeondoka. Ilikuwa harufu kali ya dawa iliyochanganyika na ya samadi na saruji iliyopasuka, na upepo wa Ufipa, usio na mti wa kuuzuia, uliibeba mpaka kwenye madirisha ya darasa letu. Wenyeji walituambia kwamba zamani dawa ililetwa na serikali kwenye madumu, na ng'ombe wa kijiji kizima wakatumbukizwa mmoja baada ya mwingine, wakatokea upande wa pili wakijikung'uta maji ya kijivu. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga mjini yakajaa mitumba, redio na sabuni za kila rangi, na dawa ya josho nayo ikawa bidhaa kama bidhaa nyingine: mwenye uwezo anunue, asiye nao atajua mwenyewe. Mlinzi wa josho akarudi kulima maharage. Majani yakaota kwenye nyufa, na sisi watoto tukapafanya mahali pa kujificha upepo wa kipupwe, ule unaopasua midomo na kuwatoa wazee machozi asubuhi.

Sisi tulikuwa wageni. Baba yangu, Maganga, alikuwa Msukuma aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akakaa kwanza Milepa, bondeni kwenye joto, na malisho yalipobana akalipandisha kundi hadi uwanda wa juu, upande wa Msanzi. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi, Kabula, kwa kuwa nilikuwa nasoma, ndiye niliyekuwa ulimi wake sokoni na zahanatini. Tulipokelewa vizuri. Jirani yetu, Mzee Ladislaus, alitupa mbegu ya maharage na kutuonyesha jinsi Wafipa wanavyofukia majani ndani ya matuta ili ardhi ipate nguvu. Binti yake Skola akawa rafiki yangu, tukiketi dawati moja na kugawana viazi vya kuchoma. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee alimwambia baba siku ya kwanza, na baba akacheka kwa furaha, kwa sababu ilikuwa moja ya methali chache za Kiswahili alizozijua.

Kipupwe cha pili ng'ombe wa kijiji wakaanza kufa. Kwanza tezi lililo chini ya sikio lilivimba, kisha ikaja homa, ng'ombe akaacha kula na kusimama peke yake akihema kwa shida, na mwisho povu jeupe likamtoka puani. Mzee Ladislaus alifiwa na maksai wake wawili, wale waliokuwa wakivuta plau yake, na nilimwona ameketi juu ya jiwe kando ya mizoga akiwa ameshika nira mapajani kama mtu aliyeshika mtoto. Ndama wetu pia walikufa, lakini hilo halikusemwa popote. Lililosemwa ni kwamba ng'ombe wetu wakubwa walikuwa wazima, na uzima wao ukawa ushahidi dhidi yetu. Wengine walisema tumeleta ugonjwa. Wengine walisema neno baya zaidi, lile ambalo mtu akishabandikwa halimtoki. Skola akahamia dawati la mbele bila kunitazama. Na Jumamosi moja, tulipokuwa mnadani, zizi letu la miiba likachomwa moto. Tulikuta majivu yakipeperuka na ng'ombe wametawanyika mashambani. Hakuna aliyeona kitu.

Kabla ya moto ule alikuwa amekuja mwanamke mmoja aliyeitwa Daktari Rehema, mtafiti wa magonjwa ya mifugo. Bwana mifugo wa kata alimtambulisha kwa fahari, akisema jina lake linajulikana na wataalamu wa nchi nzima. Alivaa buti za mpira na koti la mvua, akawatoa ng'ombe damu masikioni, wa wenyeji na wa kwetu, akaipaka kwenye vipande vya kioo na kuvipanga ndani ya sanduku la mbao. Alipomaliza, Mzee Ladislaus alimwambia wazi, "Mama, wamekuja wengi na vioo vyao. Wakishaondoka, ndiyo wameondoka." Daktari Rehema hakukasirika. Alisema, "Majibu nitayasoma hapa mbele yenu, kabla sijayasoma mbele ya wakubwa wangu." Watu walimwitikia kwa adabu. Sidhani kama kuna aliyemwamini.

Alirudi mvua za kwanza zilipokaribia, safari hii akiwa na mwalimu wake, Profesa Eliasa, mzee mwembamba aliyevua kofia kila aliposalimiwa. Mkutano ulikuwa umeitishwa shuleni, lakini wao walipita kwanza nyumbani kwetu. Daktari Rehema aliyatazama majivu pale lilipokuwa zizi, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mzee Maganga. Nimeanza kwako kwa sababu majibu haya yatakugusa wewe kuliko mtu mwingine."

Akaeleza polepole. Ugonjwa ulikuwa ndigana kali, unaobebwa na kupe. Ng'ombe wetu wakubwa wengi waliugua zamani wakapona, lakini mdudu wa ugonjwa alikuwa angali ndani ya damu yao, kimya. Kupe akinyonya damu ile, kisha akamuuma ng'ombe ambaye hajawahi kuugua, humwua. Mama aliniuliza amesema nini, nikaanza kugeuza maneno kwa Kisukuma. Nilikuwa na neno la ng'ombe mgonjwa na neno la ng'ombe aliyepona, lakini la ng'ombe mzima anayebeba kifo cha mwenzake sikuwa nalo. Nililiunga kwa maneno mengine, nikihisi ulimi umekuwa mzito kama kwamba mimi ndiye ninayewashtaki wazazi wangu. Mama aliacha kupepeta ulezi, ungo ukabaki mikononi.

"Muulize kama ana hakika," aliniambia.

"Mwambie mama kwamba hilo nina hakika nalo," Daktari Rehema alijibu. "Lakini kama ugonjwa ulianzia kwenu, hilo sijui. Na huko mkutanoni nitayasema yote mawili."

Baba aliinamisha kichwa. "Binti yangu, waambie hilo usilolijua. Hili ulilolijua liache. Wakilisikia, watachoma na nyumba."

"Nikilificha, mzee, kesho atakuja mwingine apime damu hiyo hiyo, naye atalisema, na mimi sitakuwepo kusema lililobaki. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo chenyewe kitakuwa cha nani?" baba aliuliza. Profesa alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi, na nilipomtazama niliona kwamba yeye pia alikuwa akisubiri kusikia jibu hilo.

Darasa lilijaa hadi madirishani. Baba aliketi nyuma, mama na mimi tukaketi sakafuni kando yake, na pengo likabaki kati yetu na watu wengine. Profesa alitangulia kusema. Alieleza kwamba ng'ombe wa kijiji waliogeshwa miaka mingi mpaka miili yao ikawa haiujui ugonjwa kabisa. Josho lilipokauka, kupe waliwarudia ng'ombe wasio na kinga. "Ng'ombe wenu hawakuuawa na mgeni," alisema. "Waliuawa na josho kavu." Minong'ono ikapita darasani, na kwa mara ya kwanza tangu moto ule nilimwona baba akiinua uso. Ningependa mkutano ungeishia pale.

"Mwalimu," Daktari Rehema alisema akisimama, "hapo naomba nikupinge."

Sisi tulikuwa tumelelewa kujua kwamba mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, sembuse mwanafunzi na mwalimu wake, sembuse mwanamke. Akaanza na lile alilokuwa na hakika nalo, kama alivyoahidi: damu ya ng'ombe wa Maganga ina mdudu wa ugonjwa, na kundi lile limechangia. Vijana waliokuwa wameketi mlangoni wakasimama. Mmoja akapaza sauti, "Si tulisema!" Mama akanishika mkono hadi ukaniuma. Mwenyekiti wa kijiji akagonga meza.

Profesa hakuinua sauti. Alimgeukia mwanafunzi wake kama mtu anayeuliza njia. "Ng'ombe wa hapa ambao hawajawahi kukaribiana na kundi hilo, umewapima?"

"Nimewapima, Mwalimu. Wapo wachache wenye mdudu huyo huyo."

"Naye aliwaingia tangu lini?"

"Sijui. Damu hainiambii."

"Na mimi sijui." Akawageukia watu. "Ndugu zangu, nilikuja na jibu moja. Mwenzangu amenionyesha kwamba halitoshi, nami nakubali. Lakini yeye naye hawezi kuwaambia ni nani alianza, na anayewaambia kwamba anajua, anawadanganya."

Mzee Ladislaus alisimama. "Ninyi wasomi mnabishana, mimi maksai wangu wamekufa. Sasa sisi tushike lipi?"

"Mzee wangu, pole," Daktari Rehema alimjibu. "Shika lile ambalo mimi na mwalimu wangu hatubishani. Anayebeba ugonjwa ni kupe, na josho likifanya kazi kupe hufa. Hata Maganga akihama leo, kupe waliomo majanini hawatahama naye."

Vijana wa mlangoni hawakuketi, lakini hawakusema tena. Kisha Daktari Rehema akatoa hadubini, akaiweka dirishani, penye mwanga, akakaribisha kila mtu mzima aangalie. Watu walipanga foleni kimya kama wanaokwenda kuaga maiti. Mzee Ladislaus aliinama pale muda mrefu kuliko wote, akaonyeshwa kioo cha damu ya maksai wake iliyotolewa kabla hawajafa, kisha cha ng'ombe wetu. Alipoinuka alisema tu, "Kumbe ni mdudu mmoja." Mama naye aliangalia. Aliponiuliza kwa Kisukuma kama kweli hivyo vidoa vidogo ndivyo vilivyochoma zizi letu, sikumgeuzia daktari swali lile.

Mambo hayakuisha kwa kukumbatiana. Kijiji kilikubaliana kulifufua josho, na kila kaya ikatoa mtu wa kuzoa tope na kuziba nyufa, baba akiwa miongoni mwao. Tuliamriwa kunywesha kundi letu kwenye maji ya upande wa chini wa kijiji, mbali na ng'ombe wengine. Waliochoma zizi hawakutajwa, lakini asubuhi moja mtoto mkubwa wa Mzee Ladislaus alikuja na panga na mzigo wa miiba, akafanya kazi na baba mpaka boma jipya likasimama, akaondoka bila kunywa hata maji. Skola hakurudi kwenye dawati langu. Tulisalimiana tu, kwa ile adabu ya watu waliowahi kupendana. Masika yalipokwisha, baba akaamua kurudi Milepa. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu kwamba amechoka kunywesha ng'ombe peke yake. Mzee Ladislaus alitusindikiza mpaka ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Rukwa kuonekana chini katika ukungu wa joto. "Ng'ombe wanaoga, Maganga," alimwambia baba. "Nimesikia," baba alijibu. Wakapeana mikono, nasi tukaanza kuteremka.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mara chache alipomtaja Daktari Rehema alisema, "Yule binti aliniumiza mbele za watu, lakini hakunidanganya." Mimi nilichelewa kuyaelewa maneno hayo. Nilipokuwa mdogo nilimchukia. Niliona angeweza kuiacha sentensi moja tu, ile ya damu ya ng'ombe wetu, nasi tungeokoka. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikatambua kwamba angeiacha sentensi ile, neno lile jingine alilosema, la kupe, lililowazuia vijana wa mlangoni, lisingekuwa na uzito wowote.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sumbawanga. Barabara ya kwenda Mbeya ina lami, na majibu ya kipimo yanaweza kuingia kwenye simu kabla chai haijapoa. Wanasayansi wetu ni wengi kuliko zamani, nao wanajadiliana kwenye kumbi zenye viyoyozi, na mimi huziona picha zao wakiwa wamesimama mstari na vitambulisho shingoni. Sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Mtu ambaye zizi la baba yake liliteketezwa hawezi kusema hivyo. Lakini mwaka huu, kabla ya mvua, walikuja vijana wawili watafiti, wastaarabu, wakachota maji ya kisima cha shule yetu kwenye chupa ndogo, wakapiga picha na kutushukuru. Niliwauliza majibu tutayapata lini. Mmoja alijibu kwa upole, "Yatachapishwa, mwalimu." Nikamwuliza ni nani atakuja kutusomea na kusimama hapa tumwulize. Akatabasamu, akamtazama mwenzake, akasema hilo halimo kwenye mradi wao. Mvua imenyesha, imekatika. Huenda majibu yameshasomwa mahali fulani, huenda hata yamepingwa vizuri na mtu mwenye akili. Kila siku saa nne kengele ikilia, watoto hukimbilia kisimani wakisukumana, nami husimama barazani nikiwatazama wakinywa.