Msomi wa Tindiga na Watu wa Mlangoni

Saa mbili na robo asubuhi, darasa zima la chuo kidogo cha makatekista, nje kidogo ya mji wa Mikumi, linabishana juu ya neno moja.

Odilia Mhoja amesimama kando ya ubao, chaki mkononi. Ubaoni ameandika maneno mawili, moja chini ya jingine: walioteleza, walioanguka. Wanafunzi wake kumi na tisa wamegawanyika.

"Mwalimu, kuteleza si kuanguka," anasema Beda, mkulima kutoka Masanze. "Huyu aliyenunua hati hakutoa sadaka kwa miungu. Amedanganya tu aokoe roho yake. Huyo kateleza."

"Kateleza wapi?" Magdalena, aliyekaa nyuma yake, anamdakia. "Mwenzake yuko gerezani anakufa kwa kuikataa hati hiyohiyo! Huyo kaanguka, tena kifudifudi."

Hati wanayoigombania ni ya Afrika Kaskazini, katikati ya karne ya tatu. Kaisari wa Roma aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya dola, apewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walitii kwa hofu. Wengine walihonga wakapata hati bila kutoa sadaka. Wengine walikataa, wakafungwa na kuteswa. Dhuluma ilipopoa, waliotii walirudi kanisani wakiomba kupokelewa, na Kanisa likagawanyika juu yao.

Nje, malori ya mizigo yanaunguruma barabara kuu. Madirisha ya darasa yamewekewa wavu, maana nyani wa Mikumi walikuwa wakiingia na kuondoka na chaki.

Odilia ana umri wa miaka thelathini na tisa. Siku tatu za wiki anafundisha hapa historia ya Kanisa. Zilizobaki anafanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu maandishi ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa imani wa karne za mwanzo. Huu ni mwaka wake wa sita. Vitabu vingi anavisomea kwenye kompyuta, na kuvipakua humlazimu kwenda kukaa kando ya barabara kuu, ambako mtandao haukatikikatiki.

"Watu wakisikia nimesomea teolojia, wananiita sista," anasema akicheka. "Nikiwaambia nina mume na watoto wawili, wananitazama kama nimetoroka utawani."

Alizaliwa Shinyanga. Alipokuwa na miaka sita, baba yake, Mzee Mhoja Budeba, aliihamisha familia na ng'ombe wake kuelekea kusini kutafuta malisho, wakafikia tambarare za Tindiga, wilayani Kilosa. Wenyeji wa pale ni wakulima wa mpunga na mahindi, wengi wao Waislamu. Wakristo wachache waliokuwepo, wenyeji kwa wageni, walisali pamoja katika kanisa moja la udongo.

Katekista wa kigango hicho, yaani mwalimu wa dini aliyeliongoza kanisa hilo dogo, alikuwa Tomasi, mkulima wa ukoo wa wenyeji. Alikuwa akipenda nyimbo za zamani za Kilatini, na Jumapili moja Odilia, akiwa na miaka tisa, alimfuata nje akamuuliza neno moja katika wimbo lina maana gani.

"Akaniambia, *pax*, ni amani," Odilia anakumbuka. "Nikamwomba jingine. Tangu siku hiyo akawa ananiandikia maneno kumi kila wiki kwenye vipande vya mifuko ya saruji."

Mama yake, Bi Paulina, hakufurahi. "Nilimwambia Tomasi, mtoto huyu ana ndama wa kuchunga. Hicho Kilatini atamsemesha nani?"

Hata hivyo, binti alipofaulu kwenda sekondari na baba akasita, Tomasi ndiye aliyekwenda kumbembeleza. Alikwenda mara saba. Safari ya saba Mzee Mhoja akauza dume la ng'ombe, Odilia akaenda shule.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Odilia akiwa masomoni, ng'ombe waliingia katika mashamba ya Tindiga wakala mpunga wa familia kumi na mbili. Hakuna aliyejua ni ng'ombe wa nani. Kwenye mkutano wa kijiji, Tomasi alisimama akasema amewaona kwa macho yake, ni wa Mhoja.

Neno la katekista halikuhojiwa. Ng'ombe thelathini na mmoja walichukuliwa kuwa fidia. Misimu miwili baadaye ikajulikana kwamba lile lilikuwa kundi la wapita njia, lakini fidia ilikwisha kugawanywa.

Tomasi, ambaye sasa ana miaka sitini na sita, hajitetei. Yeye na Mzee Mhoja wote wamekubali habari hii iandikwe.

"Sikuona kitu," anasema, macho yakiwa chini. "Ndugu zangu waliniambia, wewe kila siku uko na Wasukuma, leo tutajua u wa wapi. Nikaogopa. Ulimi ukaenda wenyewe."

Ukweli ulipojulikana aliacha ukatekista, akahamia Dumila. Kwa miaka tisa aliwauzia vitunguu na nyanya abiria wa mabasi pale njia panda, na hakukanyaga kanisani.

Kwaresima ya mwaka jana alirudi. Jumapili ya kwanza alikwenda hadi kwenye mlango wa kanisa, akasimama hapo mpaka ibada ikaisha. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu, Mzee Mhoja aliinuka kutoka benchi la mbele.

"Huyo akikanyaga humu ndani, mimi natoka," alisema. "Na nikitoka sirudi."

Waumini wakagawanyika. Wafugaji wakasema mzee ana haki. Wakulima wakasema kanisa si zizi la mtu mmoja. Mwenyekiti wa kigango, Mama Magreti, akampigia Odilia simu Mikumi.

"Wewe ndiye uliyeyasomea haya mambo," alimwambia. "Njoo."

Simu hiyo ilimkuta kwenye sura ya nne ya tasnifu yake, ile inayohusu watubu wa Kanisa la kale ambao walisimama mlangoni wakisubiri kupokelewa tena. Kwa miezi minne sura hiyo ilikuwa imemkwamia, na hakujua kwa nini.

"Kwenye karatasi nilikuwa mpole sana," anasema. "Nilikuwa upande wa wale waliotaka walioanguka wapokelewe, na niliwaona wapinzani wao kuwa watu wa roho ngumu. Kisha nikamkumbuka baba, likizo ile nilipomkuta anavunja zizi kwa shoka awe na kuni, kwa sababu hakukuwa na cha kufungia mle ndani. Nikajiuliza, hivi na yeye nitamwita mtu wa roho ngumu?"

Alipanda basi la Kilosa, akashukia njiani, akamalizia safari kwa bodaboda. Alimkuta baba yake nje ya nyumba, anasuka kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimeitwa tu, baba."

"Haya. Hivyo vitabu vyako vinasemaje?"

Odilia anakiri kwamba hapo alijaribiwa. Mzee hajui kusoma. Angeweza kumchagulia maneno ya huruma peke yake, akamwambia ndivyo Kanisa lilivyosema tangu mwanzo. Hakufanya hivyo.

"Vinabishana, baba," alimjibu. "Wapo waliosema aliyekana asipokelewe kamwe. Wapo waliosema apokelewe leo leo. Na wapo waliosema asimame mlangoni kwanza, atubu mbele ya watu, muda upite."

"Na wale walioumia? Waliofungwa gerezani?"

"Hao waliandika barua. Ziliitwa barua za amani. Mtu anaandika, fulani namwombea, mpokeeni. Baadhi ya maaskofu walikasirika wakisema barua zinatolewa ovyo. Lakini hata wao hawakuweza kuzipuuza."

Mzee aliikaza kamba yake. Kisha akasema, "Mimi sijaombwa barua."

Odilia anasema maneno hayo matatu yalimwingia kuliko mihadhara yote aliyopata kuisikia. "Nilikuwa nahesabu nani ana mamlaka ya kusamehe, askofu au mfungwa. Baba alikuwa anaongea kitu kilichotangulia hapo. Kwamba mtu aje aombe."

Kesho yake aliyapeleka maneno hayo kwa Tomasi kama yalivyo, bila kuongeza lake. Siku mbili baadaye Tomasi alionekana kwenye ua wa miiba wa Mzee Mhoja. Bi Paulina ndiye aliyemwona kwanza. Hakumkaribisha.

"Nimekuja kuomba barua," Tomasi alisema kutoka nje.

Mzee alimwita binti yake alete kalamu. Alizungumza Kisukuma, Odilia akaandika kwa Kiswahili. Barua ilikuwa fupi: "Tomasi. Ulisema uliona. Hukuona. Nenda ukasimame pale uliposimama siku ile, mbele ya watu walewale, uwaambie hivyo. Ukishawaambia, ingia kanisani. Ng'ombe sitakudai. Mimi Mhoja Budeba." Akaweka dole gumba.

Tomasi aliisoma palepale, akaikunja. Alikuwa ametegemea kuomba radhi kanisani, mbele ya Wakristo wenzake. Barua ilimtaka mkutanoni, mbele ya ukoo wake na kijiji kizima.

Wiki tatu zikapita. Kaka yake alimwonya. "Ukisema hivyo umetuvua nguo sote," alimwambia. "Waliogawana fidia ni sisi." Pasaka ikafika, Tomasi akaisali mlangoni.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki iliyofuata. Walizungumza mfereji, wakazungumza madawati ya shule. Walipofika kwenye mengineyo, Tomasi akanyoosha mkono.

"Mwaka ule nilisema hapa kwamba niliona ng'ombe wa Mzee Mhoja kwenye mpunga," alisema. "Sikuona ng'ombe wa mtu yeyote. Nilikuwa nyumbani, nimelala. Nilisema uongo."

Wapo waliosonya. Kaka yake aliinuka akaondoka. Mzee mmoja Mwislamu, aliyekuwa miongoni mwa walioliwa mpunga, akamgeukia mwandishi wa mkutano.

"Basi iandikwe kwenye muhtasari," alisema. "Ule uongo si uliandikwa?"

Ikaandikwa. Tomasi alisubiri kalamu iondoke kwenye daftari, kisha akapita katikati ya watu hadi alipokaa Mzee Mhoja. Kwa miaka kumi na mmoja hawakuwa wamesalimiana.

"Shikamoo, Mzee Mhoja."

Odilia alikuwepo. Salamu hiyo haina njia ya kando: inaitikiwa, au inaachwa ining'inie mbele ya watu.

"Marahaba," alisema mzee. Akachukua fimbo yake, akaenda zake nyumbani.

Jumapili Tomasi aliingia kanisani, akakaa benchi la mwisho. Mzee Mhoja alikuwa la mbele, wala hakugeuka kumtazama. Lakini hakutoka.

Si kwamba yote yamekwisha. Kaka yake Tomasi hasemi naye hadi leo. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyerudi. Na Bi Paulina akiulizwa, hafichi.

"Aliyesamehe ni mzee," anasema huku akipepeta mchele. "Mimi bado. Niacheni kwanza, na mimi nina mlango wangu ninaposimama."

Sura ya nne ilikamilika kwa majuma sita. Hakuna neno la Tindiga ndani yake. Odilia hakutaka kuwageuza wazazi wake kuwa mfano wa kitabuni. Lakini aliongeza sehemu mpya, kuhusu watubu waliokwenda wenyewe magerezani kuwaomba wafungwa barua. Msimamizi wake aliandika pembeni: hili swali umelitoa wapi?

Anatarajia kuitetea tasnifu yake mwezi Desemba. Baada ya hapo anataka kuandika kitabu cha Kiswahili kuhusu Kanisa la Afrika Kaskazini, kwa ajili ya makatekista ambao hadi sasa humsikia yeye akiwatafsiria ukurasa kwa ukurasa.

Kabla ya hayo, kuna jambo la karibu zaidi. Mwezi Julai ataanzisha darasa la kila Jumamosi, la kusoma na la historia ya Kanisa, pale kigangoni. Wanawake kumi na wanne wamejiandikisha, saba wa familia za wafugaji, saba wa familia za wakulima. Tomasi amekubali kufundisha kusoma. Ya imani amekataa.

"Hayo yatafundishwa na Odilia," anasema. "Mimi nitakaa nisikilize."

Odilia hana hakika kama darasa litafika mwaka wa pili. Mvua zikikosa, baadhi ya familia zitahama na mifugo, na mabonde yenye maji yatagombaniwa tena.

"Ndiyo maana sitaki kungoja Desemba," anasema akifuta ubao. "Nataka tuanze kabla kiangazi hakijakaza. Likitokea la kutokea, hawa kina mama wawe wameshakaa benchi moja, wameshaulizana maana ya maneno."