Kibao cha Shule ya Kiingereza

Niliacha shule mapema, nikawa mtu wa kuzunguka. Nilipakia pamba Kamanyola, nikapiga makasia Idjwi, na kila nilikofika nilitaka kujua wenyeji wanasemaje. Ndiyo maana niliposikia kwamba mwenye magari ya kutembeza wageni kutoka Uganda anatafuta mtu mweusi mmoja ajuaye Kiingereza, nilijiandikisha katika shule ya mzungu mmoja kule Muhumba. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Kulipwa ili nisafiri!

Tulikuwa watu wazima tisa: makarani, madereva, fundi cherehani. Mwalimu alikuwa na kibao chenye kamba. Aliyesema Kiswahili au Kifaransa ndani ya ua alivikwa shingoni, na hakukivua mpaka amnase mwenzake kwa kosa lilelile. Wengi wetu tulikivaa utotoni kwa mapadri, tulipokuwa tukilazimishwa Kifaransa. Sasa tuna ndevu, tunakivaa tena.

Tena mwenye kibao hakuwa na cha kupoteza. Yeye peke yake ndiye aliyesema, na alisema Kiswahili, akituzungukia kututega. Karani mmoja mnene alikuwa fundi wa mitego.

"Papa," aliniambia siku moja kwa sauti ya msiba, "bibi yako iko ku mulango. Analia."

"Analia nini?"

Akanivika kibao, akacheka mpaka akakaa chini. "Weye haujaoa, hauna hata bibi!"

Kwa hasira nilimkanyaga dereva mmoja kidole cha mguu ili apige kelele kwa Kiswahili. Akauma shati lake, machozi yakamtoka, asitamke neno. Hiyo ndiyo shule tuliyokuwa tunailipia.

Baada ya miezi minne mwenye magari alikuja kuchagua mtu. Tukapanga mstari, mashati yamepigwa pasi. Akaniuliza kwa Kiingereza nilikozaliwa. Nilimwelewa! Jibu lilikuwa mdomoni, lakini kwanza nililikagua kama lina neno la Kiswahili ndani yake, na nilipomaliza kukagua, alikuwa amekwisha kumfikia fundi cherehani, ambaye naye alikodoa macho tu. Karani mnene, bingwa wa maneno, alikohoa.

Hapo mpishi wa mwalimu akaingia na kahawa. Aliwahi kufanya kazi Kampala. Akamsalimu mgeni kwa Kiingereza, akamuuliza habari za njia, akakosea, akacheka, akaendelea. Kahawa ilipokwisha, mgeni alimwambia afunge mizigo yake.

"Lakini huyu si mwanafunzi!" nilipiga kelele, kwa Kiswahili kitupu.

Mpishi akanitazama kwa huruma. "Papa, miezi ine niko ku dirisha ya jikoni, sijasikia hata mumoja wenu anaongea, ila tu ule wa kibao. Nilizani munasomea upadri."

Wenzangu hawakucheka, waliogopa. Mwalimu alikuwa tayari ananinyooshea kidole, kibao mkononi. Nilitoka kabla hajanifikia. Jumatatu gari liliondoka na mpishi, na wale wanane, nasikia, walirudi darasani.