Paa Lililongoja Mume

Mume wangu alisoma Biblia kwa Kijaluo, mimi kwa Kiswahili. Nilizaliwa kwa Wakuria, Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, na nilipoolewa Ndhiwa sikujua Kijaluo zaidi ya salamu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajaenda shambani, tulikaa na chai yetu ya maziwa tukasoma fungu moja mara mbili, kila mtu kwa lugha yake. Akimaliza alifunga kitabu, akaniuliza leo tutalifanyia nini neno hilo.

Hakuwa mhubiri. Alilima miwa na mahindi kama majirani zake. Lakini aliamini kwamba neno ulilolisoma asubuhi na usilolifanya mchana, hujalisoma. Siku moja tulisoma habari za kumpa anayekuomba, na chai haijapoa, jirani akaja kuomba ng'ombe wetu wa kulima. Mvua ilikuwa imeanza na ardhi imelainika. Mume wangu akawafungua, akampa. Nilikasirika, nikamwambia kwamba Mungu hakuwa akizungumza habari za ng'ombe. Akacheka, akasema huenda, lakini ng'ombe ndio tulionao. Mwaka huo tulipanda mwisho, na mimi nilinuna mpaka palizi.

Figo zilimuua. Alikaa hospitalini Homa Bay majuma matatu, nikimsomea kwa Kiswahili kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Tulimzika mbele ya nyumba yetu, upande wa kulia wa mlango, na binti yetu akarudi shule ya bweni. Nikabaki na nyumba yenye viti viwili mezani.

Miezi michache baadaye mama mkwe alikuja kunieleza, kwa upole, kwamba ilikuwa lazima nirithiwe. Ndugu mdogo wa marehemu ndiye aliyetajwa. Bila hivyo, alisema, chira ingeingia bomani, ile laana inayowakausha watu mmoja mmoja bila ugonjwa kujulikana. Mama huyo hakuwa mtu wa kunionea. Ndiye aliyenifundisha Kijaluo tukichambua mboga, na kila Jumapili alifunga kitambaa cheupe akaenda kanisani mapema kuliko mimi. Lakini alikuwa amezika watoto wanne, na kila kifo alikijua kwa mwiko uliovunjwa.

Nilimwambia siwezi. Shemeji naye alinijia peke yake siku ya pili, akasimama mbali na mlango, akasema yeye na mke wake hawalitaki jambo hili, ila hawezi kumkatalia mama yake usoni. Nilimshukuru. Tukaachana hapo, kila mmoja akitazama chini.

Kisha upepo wa mwezi wa tatu ukang'oa mabati mawili juu ya chumba changu cha kulala. Kwa desturi, nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa haipandwi paa na mtu yeyote wa boma, wala wa nje haruhusiwi kulipanda mbele ya macho yao. Mabati yenyewe yalikuwa pale, yameanguka kwenye migomba, mazima. Nilihamishia kitanda sebuleni, nikaweka beseni mahali kilipokuwa. Watu walipita wakaliona paa, wakanisalimu vizuri, wakaenda zao.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma. Si kwamba nilikosa kuamini. Nilijua ahadi zote za wajane, nilizifundisha katika kundi la akina mama kanisani. Lakini nikifungua ukurasa wenye kusema kwamba Mungu huwatetea wajane, moyo ulisema mimi sitaki mtetezi, nataka mtu akohoe nje ya mlango, apanguse viatu, aulize kama kuna chai. Niliona aibu kuomba hivyo. Sikujua kwamba hiyo nayo ilikuwa sala.

Nikaenda Migori kwa dada yangu. Ana nyumba nzuri karibu na soko, na alinipokea kwa furaha. Baada ya wiki mbili akaniambia nibaki, nimwache yule mama na miiko yake, nianze upya. Alisema kweli nyingi. Lakini kila asubuhi nilipoamka pale nilijikuta nimegeukia upande wa Ndhiwa, nikiwaza nani amefagia majani kwenye kaburi. Nikachukua Biblia ya dada, nikasoma habari za yule mjane aliyekataa kumwacha mama mkwe wake, akafuatana naye mpaka nchi ya ugeni. Nilisoma sura zote nne nimesimama jikoni. Kisha nikajiuliza lile swali alilokuwa akiniuliza mume wangu. Jibu lilikuwa wazi na sikulipenda. Kesho yake nilirudi.

Nilimkuta mama mkwe amekaa mlangoni kwangu, akibambua njugu. Uwanja ulikuwa umefagiwa, na kaburi pia. Hakuniuliza nilikokuwa. Nikaketi chini kando yake, nikaanza kubambua naye, nikamweleza nilichosoma na kwa nini nimerudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyar Migori," akasema. Ndivyo walivyoniita tangu niolewe, binti wa Migori. "Huyo mjane wako, mwishowe si alichukuliwa na jamaa wa mumewe?"

"Alichukuliwa, mama."

"Basi wewe una nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mafungu na sura zake. Nikayaacha.

"Yule alimtaka huyo mwanamume," nikamwambia. "Mimi bado namtaka mwanao."

Mikono yake ikatulia juu ya ungo. Alitazama kaburi, na machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

"Hata mimi," akasema.

Tulimaliza njugu zote. Alipoinuka kwenda kwake aliniarifu kwamba keshokutwa angeenda Kosele kwa dada yake, akae huko siku tatu, na kwamba mtu akiwa Kosele hawezi kujua yanayofanyika Ndhiwa.

Siku aliyoondoka nilienda kwa akina mama wa kanisa, na asubuhi iliyofuata wakaja sita, pamoja na fundi kutoka sokoni. Ngazi tuliikuta imeegemezwa kwenye ua wangu, ngazi ya shemeji, na hakuna aliyetaka kusema imefikaje. Fundi akapanda. Sisi tukashika ngazi na kupitisha misumari, mmoja akaanzisha wimbo. Kufikia saa nane chumba kilikuwa na giza lake la kawaida, nikarudisha kitanda mahali pake.

Mama mkwe aliporudi alisimama uwanjani akalitazama paa, kisha akaingia, akaomba chai. Mpaka leo hajasema kwamba nilifanya vyema. Binti yetu alipougua malaria mwaka jana niliona hofu machoni mwa mama mkwe, na nilijua anafikiria nini. Mtoto akapona. Mimi na bibi yake tuliomba pamoja siku hizo, kila mtu na hofu yake.

Hamu ya mume wangu haijaisha. Nilidhani imani ingeiondoa, kama maji yanavyoondoa kiu, lakini imenifundisha tu kukaa nayo bila kuwa mkali kwa watu. Kuna siku najaribu kusoma ile Biblia yake ya Kijaluo, na yule mama, akinisikia nikikosea matamshi, huja kuketi nami. Juzi alinisimulia kwamba mume wangu akiwa mdogo aliogopa bata, na alikuwa akizunguka boma zima asipite karibu nao. Miaka kumi na mmoja niliishi na mtu huyo na sikulijua hilo. Nikamwongezea chai, nikamwomba aendelee.