Programu Iliyojifunza Kuamkia

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Maabara alinikabidhi mashine ya chapa na rundo la bahasha za kaki. Ilikuwa kampuni binafsi ya kupima mbegu, hapa Morogoro mjini, miaka ile biashara ilipofanywa huria na kila mwenye duka akaweza kuuza mahindi ya kupanda. Maabara ilipima kama mbegu zinaota. Mimi niliwapelekea wauzaji majibu kwa posta. Mara nyingi mvua za kupandia zilitangulia kufika.

Kompyuta zilipoingia, nilisomeshwa, nikaandika programu ya kutuma majibu kwa barua pepe. Sikuandika kila kitu. Nilitumia maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wataalamu wengine, unazozichukua na kuziunganisha na zako. Unaipa anwani na ujumbe. Yenyewe inabisha hodi kwenye seva, kompyuta inayosambaza barua, inajitambulisha, inakabidhi.

Msimu huo mbegu za Mzee Mkude, muuzaji wa Matombo huko milimani, ziliota vibaya. Programu ikamwandikia: "Mbegu zimekataliwa." Hakujibu. Nikamfuata mtaa wa Mwembesongo, hapa mjini, alikokuwa akishuka kuchukua bidhaa na kusoma barua pepe zake.

"Shikamoo, Mzee. Barua yetu hukuipata?"

"Marahaba. Niliipata, nikadhani imepotea njia. Haina jina, haina salamu. Nani anamwandikia mwenzake hivyo?"

"Mbegu umeshauza?"

"Naanza kesho. Watu wameshatayarisha mashamba."

Nilipomweleza, alikaa kwenye benchi la duka, akavua kofia.

"Wangelima bure," akasema. "Na ni majirani zangu."

Hakuuza hata punje. Meneja aliposikia, hakunigombeza. "Basi ifundishe adabu hiyo programu yako," akasema.

Nikatengeneza kiolezo, ujumbe wenye nafasi wazi ambamo programu hujaza jina la kila mtu na salamu inayomfaa. Wazee wakaanza kuamkiwa. Na wao wakaitikia: "Marahaba, mwanangu. Magunia nimeyarudisha. Huko hamjambo?"

Fundi wa mtandao alitaka tuzuie barua hizo za wazee, akisema zinajaza sanduku la barua pepe. Meneja akakataa.

"Ukishamwamkia mtu, msubiri aitikie."

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza tulitumia lugha gani ya kompyuta, nami nawatajia. Lakini ninachokikumbuka kwa raha ni zile asubuhi kabla ya kazi, nikisoma habari za wajukuu waliozaliwa, barabara zilizokatika na migomba iliyoangushwa na upepo, na kuwajibu mmoja mmoja, mimi mwenyewe.