Mbao Chini ya Mawe

Nilipopunguzwa kiwandani, miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, nilirudi nyumbani Pasiansi na randa, msumeno na mdomo mrefu. Nikamwambia mke wangu nitajiajiri hapo hapo uani. Yeye alitaka turudi kwao Usagara tukalime pamba. Tukabishana, tukakubaliana: katekista kaniagiza benchi moja refu la kanisani, likipokelewa tunabaki mjini, likikataliwa tunafungasha.

Mbao nilizopata zilikuwa ndefu, mbichi, na zimepinda vibaya. Nikafanya wanavyofanya watu wa Mwanza, maana mawe tumejaliwa: nikazilaza chini, nikazipandishia mawe wiki nzima. Zikanyooka! Nikamwita katekista aje aone, kifua mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, toa mawe."

Nikatoa. Ubao wa kwanza ukainua pembe taratibu, mbele ya macho yetu, bila haya. Mke wangu akaangua kicheko jikoni. Aisee, niliona aibu mpaka nikakasirika.

"Nipe mwezi mmoja tu, mzee," nikasema.

Nikaacha ujanja. Nikazipanga kivulini, fito katikati, upepo wa ziwani upite, zikauke na kupinda zitakavyo. Ndipo nikalaza ubao, upande uliobonyea ukiangalia chini ili usibembee, nikapunguza mgongo uliovimba juu kwanza. Kisha nikaweka fito iliyonyooka kila mwisho wa ubao, nikafumba jicho moja kuzilinganisha. Fito ya mbali imeinuka kulia? Basi kona ile ndiyo ya kuliwa. Nikapiga randa kwa mshazari, kona hadi kona. Hofu yangu ilikuwa unene, kwa sababu kila pasi inakula ubao, na ubao mwembamba haubebi waumini. Fito zilipolingana, nikageuza ubao, nikamaliza upande wa pili, nikaacha. Kuacha nakujua, mafundi wengi hawakujui.

Benchi lilipokamilika, katekista alilikalia, akajisogeza kutoka mwisho huu hadi ule. Halikutikisika. Akaagiza mengine sita.

Kesho yake jirani, aliyesikia kwamba huenda tukahama, akapita kuuliza chumba chetu cha kupanga kitakuwa wazi lini, dada yake anakitaka. Mke wangu, ambaye miaka yote aliniita baba watoto tu, alikuwa anachambua dagaa. Hata uso hakuinua.

"Tuhame twende wapi? Fundi ana kazi."