Makipa Wawili wa Chumba cha Pasi

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa simu ya wanawake wawili waliosimama hatua nne tu mmoja kutoka kwa mwenzake.

Kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa nyingine. Dobini kwetu tulifua shuka za hoteli na nguo za watu binafsi, nami nilishona namba ndogo kwenye pindo la kila kitu kilichoingia, ili suruali ya mwalimu isiende kwa mchungaji. Ndiyo maana waliniita Dada Namba. Lakini meza yangu ilikuwa katikati ya chumba cha pasi, kulia Mama Pasi, kushoto Mstari, na hao wawili walikuwa hawasemezani. Basi maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Dada Namba, mwambie mwenzako apunguze mvuke, sisi si viazi."

"Dada Namba, mwambie anayesikia joto kwamba dirisha liko nyuma yake."

Nageuka kulia, nageuka kushoto. Shingo yangu ilifanya kazi kuliko feni ya chumba kile, ambayo iliamua kustaafu kabla mimi sijaajiriwa.

Ninayetaka kusimulia habari zake hasa ni Mama Pasi. Alikuwa na mikono minene, miguu myembamba, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara hata kama mtu huyo yuko mbele yake. Alianza kazi pale binti yake akiwa hajaota meno. Mimi nilipofika, binti alikuwa darasa la sita, na wakati wa mambo haya alikuwa tayari muuguzi. Mumewe, fundi bomba, alikuwa mtu wa "sawa" na "haya." Maneno mengine yote ya nyumba ile aliyabeba mke. Kupima moto wa pasi hakutumia mate kama wengine. Aliisogeza karibu na shavu, akafumba jicho moja, akasema "Bado," au "Haya, twende," kama anayeongea na mtoto. Shati alilianza kwenye kola, kutoka ncha kwenda katikati, na ole wako umsemeshe kabla hajafika katikati.

Mstari alikuwa mrefu, mkimya, na jina lake alipewa na suruali alizopiga: ule mstari wa mbele ungeweza kukatia mkate. Nilisimuliwa kwamba hao wawili walianza kazi wiki moja, wakawa chanda na pete, wakila pamoja na kusukana nywele saa ya mapumziko. Mpaka siku mwenye duka aliposhika shati jeupe lililotundikwa kati ya meza zao, akaligeuza mbele na nyuma, akalisifu, akauliza, "Hii kazi ya nani?"

"Yangu," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Mwenye duka akacheka akaenda zake. Wao hawakucheka. Nilipoajiriwa nilikuta ugomvi umeshakuwa mkongwe, una meza yake na kiti chake.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi, binti yake Mama Pasi alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa na kompyuta ya mkononi. Wauguzi wenzake walikuwa wamempa filamu ya Kijapani, wakamwambia asipoililia basi apimwe moyo.

"Ya ngumi?" Mama Pasi akauliza.

"Ya mpira wa mikono, Mama. Wasichana wa shule."

"Mpira mimi sitazami. Baba yako ananitosha."

"Kaa dakika kumi tu. Wanasema Kijapani, maandishi ya chini ni Kiingereza, mimi nitakusomea."

Akakaa dakika kumi. Zikawa saa mbili na robo. Alitueleza haya yote Jumatatu, kabla hata hajavaa aproni, na mimi nilijua siku hiyo sitashona namba.

"Jamani," alisema, "huo mchezo ni wa wendawazimu. Wanarusha mpira kwa mikono kama wanaua nyoka, na kuna binti mmoja amesimama golini kazi yake ni kupigwa nao. Akipigwa, anafurahi! Asipopigwa, analia!"

Majina ya Kijapani hayakukaa kichwani mwake, kwa hiyo aliwabatiza mwenyewe. Mmoja alikuwa mrefu: Twiga. Mwingine mfupi, nywele kazifunga utosini: Kitunguu. Wamekua jengo moja, ngazi moja, tangu wana miaka sita. Wamefika sekondari, wote wawili makipa. Na goli la timu ni moja.

"Mafahali wawili zizi moja," akasema mzee wa mashine za kufulia, aliyekuwa amechungulia mlangoni.

"Subiri, mzee! Hawakugombana. Kila jioni wanabaki uwanjani wenyewe. Huyu anasimama golini, yule anamrushia. Kisha wanabadilishana. Yaani anamfundisha mwenzake namna ya kumnyang'anya nafasi!" Hapo alichukua foronya, akaifinyanga ikawa mpira, akamrushia mzee wa mashine. Ikampata usoni. "Umeona? Wewe si kipa."

Alisimulia wiki nzima, kipande asubuhi, kipande mchana. Kazi haikulala, maana mikono yake ilijua njia hata mdomo ukiwa safarini. Shati lilitoka safi huku Kitunguu akiruka. Waliokuwa wanakunja shuka walihamia upande wetu. Mpokezi wa wateja aliacha mlango wake wazi ili asikie. Mteja mmoja aliyefuata koti lake alisimama na tiketi mkononi mpaka kipindi cha kwanza kikaisha.

Mstari alijifanya hamnazo. Lakini mimi nilikuwa karibu. Niliona pasi yake inapunguza mwendo kila Twiga akitajwa. Jumatano aliunguza foronya, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata uzi, na Alhamisi alishindwa kuvumilia.

"Dada Namba," akasema akiangalia dirishani, "muulize mwenzako, ile barua aliyopata Twiga iliandikwa nini?"

Nikageuka kulia. Mama Pasi aliiacha kola kabla hajafika katikati.

"Mwambie," akasema polepole, "ilitoka kwa Kitunguu. Iliandikwa: 'Goli ni lako. Mimi nimekaa nyuma yako miaka yote hii nikakuona, na wewe ni bora kuliko mimi.'"

Nikageuka kushoto kupeleka, lakini ilikuwa imeshafika. Mstari alikuwa amegeukia ukutani anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Ijumaa ikawa fainali. Dakika ya mwisho, mabao sawa, adui amepata penalti. Twiga, alisema Mama Pasi, akajishika mkono kama ameumia, naye hajaumia! Akamwita Kitunguu kutoka benchi. "Ingia wewe." Kitunguu akaingia, akafunga macho, akatanua mikono na miguu kama shuka kwenye kamba, mpira ukampiga hapa, kifuani, pwaa! Wakashinda. Mzee wa mashine alilia waziwazi. Mpokezi alipiga makofi. Hata mimi nilitokwa na machozi, nikasingizia sindano.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Pasi ilifika mwisho Jumanne, binti yake alipopita dukani kumletea mama miwani aliyoisahau.

"Binti," mpokezi akamdaka, "ile filamu! Twiga alivyojifanya ameumia, mimi nimekosa usingizi!"

"Nani?"

"Yule mrefu. Alivyotoka golini kwa hiari yake."

Binti akamtazama mama yake. Mama yake akaanza kupiga pasi taulo, kitu ambacho hakuna mtu anayekipiga pasi.

"Hakutoka kwa hiari. Kocha alimtoa, alikuwa amefungwa mabao manne mfululizo. Na huyo mfupi naye akafungwa la mwisho. Walipoteza mechi."

"Na barua?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mstari.

"Barua gani? Ile? Ile ilikuwa ya shule. Alifeli hesabu, wanamwita mzazi."

Chumba kizima kikapasuka. Wengine walicheka, wengine walidai warudishiwe machozi yao. Ikajulikana kwamba siku ile binti, na uchovu wa zamu, alilala filamu ilipofika katikati, akaja kuimalizia filamu peke yake keshoye. Mama hakutaka kumwamsha. Akaendelea kutazama bila kuelewa neno, akajaza mwenyewe.

"Sikudanganya," Mama Pasi akajitetea. "Nilitafsiri nyuso."

Mstari aliweka pasi yake wima. Akazunguka meza yangu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akasimama mbele ya Mama Pasi. "Umenidanganya," akasema.

Mama Pasi akafungua mdomo, akanitazama mimi, nami nikainua mikono juu: hilo halikupitia kwangu.

"Wewe," akasema hatimaye, "kwani nilikuwa naongea na wewe?"

"Nimeunguza foronya kwa ajili ya Kitunguu wako. Sasa nataka kuiona mwenyewe."

"Njoo Jumapili. Saa nane mchana. Na uje umekula, kwangu si hotelini."

Jumapili tulikuwa saba katika sebule yake, na viti vinne. Mumewe alitupokea kwa "haya," akaenda kukaa jikoni na redio. Mstari alikuja amevaa kama anaenda kusimamia harusi, gauni halina kunjo hata moja. Mama Pasi alilikagua kuanzia bega hadi pindo, akakosa kasoro, ikamuuma. Binti akakaa mbele ya kompyuta, safari hii amelala vya kutosha, akasoma kila neno.

Ilikuwa filamu nyingine kabisa, nayo ilikuwa nzuri. Twiga wa kweli alikuwa na wivu. Kitunguu wa kweli alikuwa na majivuno. Alihesabu mipira aliyookoa na kuiandika kwa kalamu kwenye soli ya kiatu. Walipendana na walitaka kushindana, yote mawili kwa pamoja, na hakuna aliyesema lolote la maana kwa mwenzake mpaka filamu inakaribia kwisha. Waligombania taulo. Siku Twiga alipotolewa golini, alipishana na Kitunguu kwenye mstari wa uwanja, nasi tukangoja maneno mazito. Twiga akasema, binti akasoma: "Huyo mwenye namba saba anarushia kushoto."

"Basi?" akasema Mama Pasi.

"Basi," akasema binti.

"Hilo ndilo," akasema Mstari kwa sauti ndogo. "Angesema nini tena? Amempa kila anachokijua."

Walipoteza kwa bao moja. Makocha wakaenda, watu wakaenda, na wale wasichana wawili wakabaki nyuma ya ukumbi wakifua fulana za timu nzima kwenye beseni, maana aliyefungwa ndiye anayefua. Wanafua, wanakamua, wanaanika. Mzee wa mashine alikuwa ameshatoa leso, ndipo Mama Pasi na Mstari wakapiga kelele kwa pamoja:

"Sio kwa mabega!"

Wakatazamana.

"Itatokea masikio mabegani," akasema Mama Pasi.

"Ya moja kwa moja," akasema Mstari. "Hata pasi haiyatoi. Fulana inaanikwa kichwa chini."

"Sasa unaona huyo mfupi anavyobana vibanio? Anabana kifuani!"

"Mungu wangu. Kifuani!"

Walicheka mpaka Mama Pasi akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni. Binti akasimamisha filamu kuwasubiri. Mumewe akatoka jikoni, akamwona Mstari anamfuta machozi mkewe kwa ncha ya lile gauni lisilo na kunjo, akasema, "Sawa," akarudi.

Tulipokuwa tunaondoka, nilisikia Mstari akimwambia mlangoni, "Ile yako ya uongo ilikuwa tamu zaidi."

"Najua," akasema Mama Pasi.

Kuhusu shati jeupe hawakuzungumza siku hiyo wala siku nyingine niliyokuwepo. Nadhani kila mmoja bado anajua ni la nani. Lakini mimi nilipoteza kazi yangu ya simu. Walisemezana kutoka asubuhi hadi jioni, na walishindana waziwazi: mashati kumi kwa kumi, mzee wa mashine mwamuzi. Aliyeshindwa alikunja taulo zote za hoteli. Siku nyingine nilitamani ule ukimya urudi, walau Alhamisi.

Miezi michache baadaye wakagundua kwamba shule ya wasichana iliyo nyuma ya soko ina timu ya mpira wa mikono, tena inacheza kila Jumamosi. Hawakukosa mechi. Hawakukaa jukwaani na wazazi. Walisimama nyuma ya goli, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakimfundisha kipa.

"Tanua miguu, mwanangu! Wewe ni shuka!"

"Usimsikilize, funga kwapa! Mpira unapita kwapani!"

Mwamuzi aliwaonya mara mbili. Mara ya tatu aliwaonyesha kadi ya njano, ambayo Mama Pasi aliiomba akakae nayo. Wakati wa mapumziko yule kipa, msichana mwembamba mwenye goti lililochubuka, aliwageukia, anahema.

"Samahani, mama zangu. Nyinyi mliwahi kucheza?"

Mstari alifungua mdomo aseme kweli. Mama Pasi akawahi.

"Miaka ishirini na mbili, mwanangu. Sote wawili. Goli moja."

Msichana akawatazama kwa heshima, akauliza yule namba tisa wa timu pinzani amdhibiti vipi. Wakainama wote wawili kwenye wavu na kuanza kumweleza, kila mmoja lake.